Ndege inapoghairi kutua Entebbe: kazi ya mwongoza ndege katika dakika mbili za kwanza

Ndugu wanajukwaa,

Kila mara ndege inaposhuka hadi karibu kabisa na ardhi ya Entebbe, kisha ikanguruma ghafla na kupaa tena kuelekea ziwani, habari zake hufika Kampala kabla ya ndege yenyewe kutua. Abiria hurekodi sauti na kuzituma kwa simu, jamaa waliokuja kupokea wageni wao hushikwa na hofu, na kufikia jioni kila mtu ana hakika kwamba rubani alishindwa kazi au kwamba mwongoza ndege alisinzia mnarani. Nimeifanya kazi ya kuongoza ndege kwa muda mrefu, na maneno hayo huniuma kwa sababu yanawafundisha watu kuogopa kitu kilekile kinachowalinda. Naomba nieleze kwa kirefu kinachotendeka mnarani katika dakika hizo, na atakayekuwa na swali aulize, nitamjibu.

Kughairi kutua ni hatua iliyoandikwa mapema. Kila ramani ya kukaribia uwanja ina sehemu inayoeleza rubani aelekee wapi na apande hadi kimo gani iwapo hatatua, na marubani huipitia kwa sauti na kukubaliana juu yake kabla hawajaanza kushuka, wakati abiria bado wanamalizia chai yao. Rubani hahitaji kibali cha mtu yeyote ili aache kutua. Kibali tunachompa kutoka mnarani kinamruhusu kutua, hakimlazimishi; akifika chini akaona upepo unamsukuma pembeni, au ndege inakwenda kasi mno, au kwenye kimo cha uamuzi, ambacho kwa mfumo wa kawaida wa redio wa kuongozea ndege zinazotua ni futi 200 juu ya ardhi, hajaziona taa za barabara ya kurukia na kutulia ndege, anaondoka. Sisi pia tunaweza kumwamuru aondoke, na hapo hutumika maneno mawili ambayo ni yaleyale dunia nzima, "go around", naye hujibu kwamba anafanya hivyo. Hakuna majadiliano kati ya amri hiyo na utekelezaji wake.

Sasa tuuangalie uwanja wetu. Barabara kuu ya Entebbe ina urefu wa mita 3,658 na imelala karibu kaskazini-kusini, ndiyo maana ncha zake zinaitwa 17 na 35, yaani nyuzi 170 na 350 za dira. Uwanja uko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, na ndege iliyo katika mwendo uleule wa saa yake ya kasi hupita ardhini kwa haraka zaidi, na injini zake hupata nguvu pungufu kidogo wakati wa kupanda. Upande wa kusini ni Ziwa Viktoria. Halafu kuna mchanganyiko wa ndege ambao viwanja vingi vikubwa havina: ndege pana za masafa marefu, ndege za Umoja wa Mataifa na helikopta zake, ndege za jeshi, na zile ndogo za injini moja zinazopeleka watalii Kidepo na Kihihi. Anayeketi mnarani Entebbe anavipanga vyote hivyo kwenye uwanja mmoja, na humo ndimo amri nyingi za kughairi zinamozaliwa.

Chukueni mfano wa asubuhi ya kawaida. Ndege ndogo aina ya Caravan inarudi kutoka Kidepo, inakuja taratibu, nusu au theluthi mbili ya kasi ya jeti iliyo nyuma yake. Jeti hiyo inakaribia kwa takriban kilomita 260 kwa saa, na ikibaki kilomita tano na nusu hivi kufika, iko kama futi 1,000 juu ya ardhi na ina sekunde zisizozidi 80 kabla ya kugusa lami. Caravan imetua, lakini rubani wake amepita njia ya kwanza ya kutokea na sasa anatambaa kuelekea ya pili. Mwongoza ndege amesimama. Hakuna anayebaki ameketi wakati kama huo. Husimama ili aone kwa macho yake mkia wa ndege ile ndogo unavuka mstari, kwa sababu ndege haihesabiwi kuwa imetoka barabarani mpaka mkia wake nao umetoka. Mkono mmoja uko kwenye kitufe cha redio. Anampigia hesabu rubani wa Caravan, anampigia hesabu rubani wa jeti, na anajua kwamba kuna nukta fulani angani ambayo jeti ikiipita bila barabara kuwa wazi, yeye hatasubiri tena kuona kama mambo yatajiweka sawa. Ikifika hapo, anatamka amri. Abiria wa jeti watasema baadaye kwamba nusura ndege zigongane, ilhali nafasi kati ya ndege hizo mbili ilikuwa bado kubwa. Amri ilitolewa mapema ndiyo maana nafasi ilikuwa kubwa.

Yanayofuata ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo watu wa nje hawaioni, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni ukimya. Katika chumba cha marubani, mmoja ameongeza nguvu za injini na kuinua pua ya ndege. Mwenzake anapunguza mikunjo ya mabawa hatua kwa hatua, anathibitisha kwamba ndege kweli inapanda, kisha anainua magurudumu. Na wote wawili wanaangalia kasi, mwelekeo na kimo, maana ndege iliyopungukiwa mafuta mwishoni mwa safari ni nyepesi na hupanda upesi hadi inaweza kupitiliza kimo kilichopangwa. Mwongoza ndege mzuri anajua hayo yote, na kwa hiyo anafunga mdomo. Asianze kuuliza sababu. Asibadilishe kimo mara mbili. Ikiwa njia iliyo kwenye ramani iko wazi, anamwacha aifuate, na kama lazima ampe maelekezo mengine, ayatoe kwa sentensi moja fupi, tena baada ya kuona ndege imeshikilia kupanda.

Hata hivyo, ukimya huo wa redio si mapumziko. Mkono wa pili uko kwenye simu ya moja kwa moja inayomwunganisha na mwenzake anayeongoza ndege zinazokaribia uwanja, kwa sababu ndege aliyodhani ameipokea inarudi kwake, na huenda tayari ana nyingine mbili zinazoshuka kutoka upande wa Nairobi na Kigali. Ndege iliyokuwa ikisubiri kuruka inaambiwa ibaki palepale. Kijikaratasi cha safari ile, au alama yake kwenye kioo cha kompyuta, kinahamishwa kutoka mwisho wa foleni na kurudishwa katikati. Na kama kuna ndege iliyokwisha kuruka sekunde chache kabla ya jeti kughairi, hilo ndilo jambo zito kuliko yote: ndege mbili ziko angani, moja mbele ya nyingine, zikielekea upande mmoja juu ya barabara ileile, na ya nyuma ina kasi kubwa zaidi. Hapo mwongoza ndege anatakiwa azitenganishe kwa kuigeuza mojawapo mapema, na kwa kawaida hugeuzwa ile iliyotangulia kuruka, kwa kuwa marubani wake hawana shughuli nyingi kama wale walioghairi.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la usiku na ziwa, kwa sababu linatuhusu sisi wa Entebbe kuliko watu wa viwanja vingi. Ndege inayoghairi kutua kwenye barabara 17 usiku inaziacha nyuma taa za uwanja na kuingia juu ya maji ambayo hayana hata taa moja ya kumwonyesha rubani upeo wa macho. Injini zinaposukuma kwa nguvu, sikio la ndani la mwanadamu hudanganyika: msukumo wa mbele huhisiwa kama pua inainuka kupita kiasi, na mtu asiyeamini saa zake, yaani vipimo vilivyo mbele yake, hujikuta anaisukuma pua chini. Tarehe 23 Agosti 2000 ndege ya Gulf Air aina ya Airbus A320 ilighairi kutua Bahrain usiku, ikaelekea juu ya bahari yenye giza, kisha ikashuka na kugonga maji. Watu wote 143 walifariki, na wachunguzi waliutaja udanganyifu huo wa hisia. Ndiyo maana nasema kwamba mwongoza ndege anayemwaga maneno katika sekunde 30 za kwanza, hasa usiku, anamwondoa rubani kwenye saa zake wakati ambao saa hizo ndizo kila kitu alicho nacho.

Hali ya hewa ya ziwa nayo ina tabia zake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo wa kutoka pwani zote hukutana katikati ya ziwa, hewa hupanda na radi huzuka. Kwa hiyo safari zinazofika usiku wa manane na alfajiri kutoka Ulaya na Ghuba mara nyingi hukuta mawingu mazito yanayotoka kusini na mashariki, wakati alasiri dhoruba huhamia nchi kavu. Upepo unaobadilika ghafla chini ya wingu la radi ni sababu halali kabisa ya kuondoka. Wale korongo wakubwa wenye upara, ambao Baganda huwaita kaloli, ni sababu nyingine.

La mwisho katika maelezo yangu ni aibu. Shirika la kimataifa la Flight Safety Foundation lilipochunguza jambo hili liligundua kwamba katika mikaribio ambayo haikuwa imetulia, yaani ndege ilikuwa na kasi mno, au juu mno, au haijanyooka, ni takriban asilimia 3 tu iliyoishia kwa rubani kughairi. Asilimia 97 waliendelea kushuka. Wengi wao walitua salama, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu kila mara mtu anapofanikiwa hivyo anajifunza kwamba sheria inaweza kupuuzwa. Tunapomzomea rubani aliyepaa tena, au kumshuku mwongoza ndege aliyemwamuru apae, tunaongeza sababu moja ya yule anayefuata kusita.

---

Mkazi wa Kitoro ameandika:

Shikamoo mzee wetu, na asante kwa maelezo haya. Mimi naishi karibu na uwanja na nimeziona ndege zikifanya hivyo mara nyingi, ila sikuwahi kujua ni nani anayeamua. Swali langu ni hili: kwa nini mwongoza ndege asimwambie rubani sababu palepale? Mimi ningekuwa rubani ningetaka kujua kama ninakimbia ndege, ng'ombe au moto.

Mwanzisha uzi amejibu:

Marahaba mwanangu. Neno moja au mawili ya sababu yanaruhusiwa, na mara nyingine ni ya lazima, kama kuna gari barabarani au kuna ndege iliyo chini yake ambayo asiposikia anaweza kugeukia upande wake. Kipimo changu ni kwamba sababu itamkwe iwapo inabadilisha kile ambacho rubani atafanya katika sekunde kumi zijazo. Kama haibadilishi, ingoje mpaka ndege iwe imefika kwenye kimo chake. Rubani aliyefundishwa vizuri haisubiri sababu ndipo atii. Mkumbuke San Francisco, tarehe 7 Julai 2017, ambapo Airbus A320 ya Air Canada ilijipanga usiku kutua kwenye barabara ndogo ya kupita ndege zikiwa ardhini, ambako ndege nne zilizojaa abiria zilikuwa zikisubiri zamu ya kuruka. Ilishuka hadi mita 18 hivi kutoka ardhini. Marubani walikuwa wamekwisha kuanza kupaa, na amri ya mnara ikatoka karibu wakati huohuo, bila sentensi ndefu ya kueleza. Wangejadiliana hata kidogo, tungekuwa tunaizungumza siku hiyo kwa namna nyingine.

Abiria wa Arua ameandika:

Mzee, mimi nilikuwa ndani ya ndege iliyofanya hivyo mwaka jana. Kilichonitesa zaidi kuliko mngurumo ni kwamba hatukuambiwa neno lolote kwa dakika nyingi. Mama aliyekaa karibu nami alianza kusali kwa sauti. Je, hao marubani hawawezi kusema hata sentensi moja?

Mwanzisha uzi amejibu:

Pole sana, ndugu yangu, na pole kwa mama huyo; hofu ile ni ya kweli na siipuuzi hata kidogo. Marubani hufundishwa utaratibu wa mambo matatu: kwanza iruke ndege, pili jua unakoelekea, tatu ndipo uzungumze. Hata sisi wa mnarani tuko kwenye hilo la tatu, na abiria huja baada yetu. Mngurumo mliousikia ulikuwa nguvu za kupandia, na ile milio mizito chini ya sakafu ilikuwa magurudumu yakirudi ndani. Ninaloweza kuyasihi mashirika ni kwamba wahudumu waliomo nyuma wafundishwe kusema sentensi moja tulivu mara tu ndege inapopanda, maana wao mikono yao haiko kwenye usukani na wanajua kinachoendelea. Kwa upande wenu, bakini mmefunga mikanda mpaka mwambiwe, kwani ndege inaweza kupinda mapema na kwa nguvu kuliko mlivyozoea.

Mwalimu wa Soroti ameandika:

Nashukuru kwa uzi huu, ambao nimewasomea wanafunzi wangu, wengine wao wakiwa na ndoto ya kujiunga na chuo cha urubani kilichopo hapa kwetu tangu 1971. Naomba nipinge kidogo. Unasema tusimshuku mwongoza ndege, lakini waongoza ndege nao ni binadamu. Haneda, Japani, Januari 2024, ndege mbili ziligongana barabarani. Hapo mnara ulikuwa wapi?

Mwanzisha uzi amejibu:

Mwalimu, umegusa penyewe, na mfano wako ni mzito. Tarehe 2 Januari 2024 Airbus A350 ya Japan Airlines ilitua juu ya ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa imeingia barabarani na kukaa hapo kama sekunde 40 gizani. Abiria na wahudumu wote 379 wa ndege kubwa walitoka hai, na watu watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Marubani wa ndege kubwa hawakuiona, na mnarani nako hakuna aliyetoa amri ya kughairi. Sikusema kwamba waongoza ndege hawakosei. Ninachokidai ni kwamba ukaguzi wa kazi yao ufanywe na wachunguzi waliosikiliza kanda za redio na kuangalia rada, na lengo la uchunguzi huo, kama inavyoagizwa na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Mwongoza ndege anayejua kwamba ripoti yake itatumiwa kumfukuza kazi ataandika mistari miwili mikavu. Anayejua kwamba itatumiwa kurekebisha taa, alama za barabara au idadi ya watu katika zamu ya usiku, ataandika kurasa. Waambie wanafunzi wako waje, tunawahitaji, na wasiiogope kazi hii kwa sababu ya uzito wake.

Mkazi wa Kitoro ameandika:

La mwisho kutoka kwangu, mzee. Ndege ikighairi mara moja, inaruhusiwa kujaribu mara ngapi? Na mafuta je?

Mwanzisha uzi amejibu:

Mafuta kwanza. Jeti inayokuja Entebbe haibebi mafuta ya kufika Entebbe tu. Hubeba pia ya kwenda kwenye uwanja wa akiba uliopangwa, ambao kwa safari zetu unaweza kuwa Nairobi au Kigali, na juu ya hayo hubaki akiba ya mwisho ya kuruka dakika 30 ambayo haitakiwi kuguswa. Mzunguko mmoja wa kughairi na kurudi huchukua robo saa hivi, na umo ndani ya hesabu. Rubani akiona kwamba atatua akiwa ameila ile akiba ya mwisho, analazimika kutangaza dharura ya mafuta, na hapo sisi tunasafisha njia yote mbele yake.

Kuhusu idadi ya majaribio, uamuzi ni wa rubani na kanuni za shirika lake. Mashirika mengi hayataki jaribio la tatu kama hali iliyosababisha kughairi haijabadilika. Waganda wenye umri wangu hawawezi kuisahau tarehe 17 Oktoba 1988, wakati Boeing 707 ya Uganda Airlines iliyotoka London ilipojaribu kutua Roma katika ukungu. Majaribio mawili yalishindikana. Katika la tatu, ndege ilishuka chini ya kimo kilichoruhusiwa bila marubani kuiona barabara, ikaanguka kabla ya kufika uwanjani, na watu 33 kati ya 52 wakafa. Kwa sababu hiyo, ndege inapokuwa imetulia kwenye kimo chake baada ya kughairi, swali la kwanza la mwongoza ndege huwa ni kumwuliza rubani ana nia gani, na kabla hajajibu anapewa upepo wa wakati huo, umbali unaoonekana barabarani, wingu la radi limeelekea wapi, na taarifa za hivi punde za Nairobi na Kigali. Wakati wangu nilikuwa naziandika taarifa za viwanja hivyo viwili pembeni mwa meza tangu mwanzo wa zamu, mvua iwepo au isiwepo, ili rubani atakapoziomba asisubiri.